Utamu Usio wa Sukari

Utamaduni wa taifa unapotajwa, aghalabu fikra za watu hukimbilia ngoma, mavazi, mashairi, vinyago na magofu ya kale. Vyote hivyo vina haki ya kutajwa. Lakini kipo kiungo kimoja kidogo, kikaacho gizani nyuma ya meno, ambacho huhifadhi utamaduni wa watu pasipo kuandikwa katika orodha ya makumbusho yoyote, nacho ni ulimi. Hatusemi ulimi wa kunena, maana huo wahenga wameusifu na kuulaumu vya kutosha. Twasema ulimi wa kuonja. Sisi wenyewe tuliishi nao zaidi ya miaka 50 bila kuufikiria, na tusingaliufikiria hata leo lau tusingalikatazwa sukari.

Jambo lenyewe lilianza kama yaanzavyo mambo mengi ya mtumishi wa serikali, yaani kwa karatasi. Tulikwenda kupimwa kwa sababu nyingine kabisa, macho yetu yakiwa yamechoshwa na majalada ya masjala, tukarudi na karatasi yenye tarakimu ambazo hatukuzielewa. Muuguzi aliyetufafanulia alikuwa binti wa umri wa watoto wetu. Alisema kwamba sukari ya damu ilikuwa imepanda kupita kiasi cha afya, ingawa ilikuwa haijafika mahali pa kuitwa kisukari, na kwamba tukiendelea na mwendo ule tutafika. Kisha akatuuliza swali ambalo hatukupata kuulizwa na mtu: kwa siku mzee anakunywa chai vikombe vingapi, na kila kikombe kina vijiko vingapi? Tukahesabu. Kikombe cha alfajiri, kikombe cha saa nne ofisini, kikombe cha saa kumi, na kikombe cha usiku. Vijiko vitatu kila kimoja. Jumla ni vijiko 12, mbali na maandazi na soda za mikutano. Kijiko cha chai kilichosawazishwa huchukua kama gramu 4, kwa hiyo tulikuwa tukinywa karibu gramu 50 kila siku ndani ya chai peke yake. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isifike sehemu moja ya kumi ya nguvu tuipatayo katika chakula, na kwamba ni bora zaidi ikishuka chini ya nusu ya hapo, kiasi cha gramu 25 hivi kwa mtu mzima, yaani vijiko 6. Yule binti hakutukaripia. Alitueleza kwa haki kwamba kisukari hakiletwi na kijiko peke yake, kwani unene, kukaa kitako kutwa nzima na urithi wa damu navyo vina sehemu yao; lakini katika hayo yote, alisema, kijiko ndicho kilicho karibu na mkono.

Tukaacha. Hatukupunguza, maana tunajijua. Mwonja asali haonji mara moja, na mtu apunguzaye huonja kila siku. Wiki ya kwanza ilikuwa ya aibu. Kichwa kiliuma mchana, tukawa wakali kwa makarani vijana bila sababu, na chai ilipoletwa saa nne tuliinywa kama mtu anywaye dawa ya mizizi mbele ya wakwe. Ilikuwa chapwa, tena ilikuwa na ukakasi ulioshika pande zote mbili za mashavu. Hapo ndipo tulipotambua kwamba kwa miaka 40 na zaidi tulikuwa hatujapata kunywa chai. Tulikuwa tukinywa sukari iliyotiwa rangi.

Mabadiliko hayakuja siku moja. Wale waliopata kuingia katika tembe la Kinyamwezi la zamani, lenye kuta nene na paa la udongo, watakumbuka mtu anavyotoka katika jua la mchana akaingia ndani, akawa haoni kitu. Husimama mlangoni kama kipofu. Baada ya kitambo huona mdomo wa mtungi, kisha kinu pembeni, kisha mkeka na watu walioketi juu yake ambao walikuwa wakimwona tangu alipoingia. Ndivyo ulimi wetu ulivyofanya. Kitu cha kwanza kutokea gizani kilikuwa maziwa. Katika wiki ya tatu tulikunywa maziwa matupu, yaliyochemshwa bila kitu kingine, tukasimama na kikombe mkononi tukidhani mtu ametudanganya akatia sukari. Hakuna aliyetia; maziwa yana sukari yake yenyewe, hafifu, ambayo tulikuwa tukiizika kila siku. Baada ya maziwa kikaja kitunguu kilichokaangwa polepole hadi kikageuka rangi. Ikaja karoti mbichi. Ukaja ugali wa mtama, ambao ukitafunwa muda wa dakika moja bila kumezwa huanza kuwa mtamu kinywani, kwa sababu mate huvunja wanga na kuugeuza kuwa sukari. Mwalimu wa sayansi anaweza kufanya jaribio hilo na darasa zima kwa ugali wa chakula cha mchana, wala halihitaji maabara.

Lakini mgeni mkubwa kuliko wote aliyetokea katika giza lile alikuwa tobolwa. Watoto wa Unyamwezi na Usukuma wanayajua matobolwa: viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwakatwa, vikaanikwa juani hadi vikawa vigumu kama ngozi. Ndugu zao ni michembe, vile vinavyokatwa na kuanikwa vibichi. Sisi tulikua tukiyaona matobolwa kuwa ni chakula cha watu wasio na kitu, cha kutafuna mtu akiwa machungani au shambani mwezi wa Oktoba, na tulipopata mshahara wa kwanza tuliyaaga bila majonzi. Tulipoyaonja tena hatukuyatambua. Utamu wake haukimbilii ncha ya ulimi kama utamu wa sukari. Hukaa kimya mwanzoni, huku mtu akihangaika na ugumu, kisha hupanda kutoka pembeni, una harufu ya moshi na ya jua, na huendelea hata baada ya kumeza. Tuliwahi kuula maelfu ya mara. Hatukuwahi kuusikia.

Chai nayo tukapatana nayo. Ule ukakasi tulioulaani ukawa ndio mwili wa kinywaji, na nyuma yake tukapata harufu ya majani ambayo sasa twaitafuta. Kwa upande mwingine, katika mwezi wa tatu tulipewa soda kwenye mkutano, tukanywa funda moja kwa adabu, nayo ilitukaba kooni kama gundi. Tuliitazama ile chupa kwa mshangao. Ilikuwa soda ile ile ambayo miezi michache nyuma tuliimaliza kabla mwenyekiti hajafungua kikao.

Tulitaka kujua sababu. Tulipokuwa darasani tulifundishwa kuchora ulimi uliogawanywa majimbo kama ramani ya nchi: utamu nchani, uchungu nyuma kabisa, chumvi na ukali pembeni. Tulichora vizuri tukapewa alama zote. Ramani ile ni kosa. Ilizaliwa kutokana na kufasiriwa vibaya kwa utafiti wa Mjerumani D. P. Hänig wa mwaka 1901, na leo inajulikana wazi kwamba kila sehemu ya ulimi yenye vinundu vya kuonjea huweza kutambua ladha zote. Mwalimu ambaye bado anayo ubaoni na aifute. Ndani ya vinundu hivyo mna chembe hai zinazokufa na kuzaliwa upya kila baada ya siku 10 hadi wiki 2 hivi, hata tukashawishika kusema kwamba tumepewa ulimi mpya usioijua sukari. Lakini mambo si mepesi hivyo, kwani kuonja ni kazi ya ubongo pia, na ubongo hupima kila kitu kwa kukilinganisha na ulichokizoea. Watafiti wa kituo cha Monell, Philadelphia, Marekani, walitoa mwaka 2016 matokeo ya jaribio ambalo kundi dogo la watu lilipunguza sana sukari kwa muda wa miezi 3. Kufika mwezi wa tatu, watu wale waliionja faluda ile ile na kuiona tamu zaidi kuliko walivyoiona wenzao ambao hawakubadili chakula. Hata hivyo mapenzi yao ya utamu hayakupungua, na walipoachiwa wale watakavyo, walirudi katika sukari yao. Tuliposoma hayo tulicheka peke yetu, maana wahenga walikwisha kuyasema hayo kwa mfano wa asali, bila maabara.

Sasa tuje katika lugha, ambayo ndiyo kazi yetu ya pili baada ya ofisi. Mwanafunzi anayejifunza Kiingereza husumbuka kwa sababu wenzetu wana neno moja kwa ladha ya sukari na maneno mengine kwa chakula kizuri. Kiswahili hakikutenga. Pilau ni tamu, na haina sukari. Nyama ya kuchoma ni tamu, usingizi ni mtamu, sauti ya mwimbaji ni tamu. Tulipokuwa na sukari ulimini tulidhani hayo ni mafumbo tu, kwamba utamu wenyewe ni wa sukari na mengine yote yameazima jina. Siku hizi twaamini kinyume chake. Neno tamu lilikuwa na nyumba yake kubwa kabla sukari haijabisha hodi. Sukari ndiyo mpangaji, ambaye jina lake lenyewe limesafiri kutoka Bara Hindi kwa njia ya Kiajemi na Kiarabu. Aliingia chumba kimoja, na polepole akakaa kama mwenye nyumba. Na watu wa pwani wana usemi mmoja unaotupendeza kuliko yote, nao ni maji matamu, yaani maji ya kunywa, yasiyo ya chumvi. Usemi huo ndio uliotuonyesha upya njia ya misafara, ambayo tumekaa pembeni mwake tangu kuzaliwa.

Njia kuu kutoka Bagamoyo, ilipokwisha kuvuka Ugogo, iliingia katika pori kavu ambalo wasafiri waliliita Mgunda Mkali. Ng'ambo ya pori ndipo ilipokuwa Tura, mlango wa Unyamwezi, na baada ya Tura msafara ulishika njia ya Unyanyembe, ambako leo ni Tabora. Richard Burton na John Speke waliingia Kazeh, hapa hapa petu, tarehe 7 Novemba 1857, siku ya 134 tangu watoke pwani, nao walipita njia ambayo Wanyamwezi walikuwa wameizoea tangu mapema katika karne ile, wakishusha pembe za ndovu hadi baharini na kurudi na nguo, ushanga na waya. Mgunda maana yake ni shamba. Na kali, kama msomaji ajuavyo, ni neno la jua na la mbwa, lakini ni neno la ulimi pia, maana husemwa la ndimu na la maziwa yaliyokwisha kuharibika. Tumfikirie basi mpagazi mwenye mzigo wa frasila mbili begani, kama kilo 32, aliyepita pori lile siku baada ya siku akinywa maji ya matope yaliyopimwa kwa kibuyu. Alipofika kwenye kisima safi akasema maji haya ni matamu, hakuwa akitumia fumbo lolote. Alikuwa akieleza ladha.

Mzigo huo huo watueleza kwa nini sukari haikuwa chakula cha watu wa bara siku zile. Ni nzito, hulowa kwa mvua, na thamani yake hailipi bega la mtu kwa zaidi ya miezi mitatu. Wafanyabiashara waliojenga Kazeh na Kwihara waliletewa starehe zao kutoka pwani, na Stanley ameeleza jinsi alivyopokewa Kwihara mwaka 1871 kwa vyakula vya kila namna. Lakini hizo zilikuwa nyumba chache. Ladha iliyosafiri kweli kweli katika nchi zetu za magharibi ilikuwa chumvi ya Uvinza, iliyochemshwa kutoka chemchemi za bonde la Malagarasi na kuuzwa mbali pande zote. Utamu haukuwa na haja ya kusafiri, kwa kuwa ulikuwako: asali ya miombo, viazi, matunda ya porini kama ntalali na mbula, na baadaye maembe, ambayo husimuliwa kwamba miti yake iliota kutokana na kokwa zilizotupwa na wapita njia. Miembe mikubwa ya Tabora na ya Ujiji ni mashahidi ambao hata mtoto anaweza kuwapanda.

Wala si haki kusimulia habari ya sukari na kuficha upande wake mchungu. Katika karne ile ile ya 19, kandokando ya mto Pangani palikuwa na mashamba ya miwa, na miwa ile ililimwa, ikakatwa na kuchemshwa na watumwa waliotekwa bara na kushushwa pwani kwa miguu. Hata Abushiri bin Salim, aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani mwaka 1888 na 1889, alikuwa na shamba la miwa huko. Njia yetu ya Tabora nayo ilipitisha watu wenye kongwa shingoni. Sisi hatuwezi kuutazama mwembe wa barabarani kwa furaha tupu.

Kazi ilitupeleka Sikonge mwishoni mwa ule mwezi wa tatu, na huko tulikaribishwa na mzee mmoja mfuga nyuki, mwenye mizinga ya magome ya miti aliyoitundika msituni mbali na kijiji. Asali ni sifa ya mkoa wetu. Tabora mna chuo cha ufugaji nyuki, na Tanzania huhesabiwa miongoni mwa nchi za mbele kabisa Afrika kwa wingi wa asali, nyuma ya Ethiopia. Yule mzee alitandika mezani vibakuli vitatu. Tulimweleza kwamba tumeacha sukari, na kwamba asali nayo twaiogopa, maana sehemu yake kama nne katika tano ni sukari, na damu haiulizi kama imepikwa na nyuki au na kiwanda. Akasema ni kweli, chukua ncha ya kidole. Ya kwanza ilikuwa nyepesi kwa rangi, yenye harufu ya maua, nayo iliondoka ulimini upesi. Ya pili ilikuwa nyeusi nyeusi, nzito, na mwisho wake ulikuwa na uchungu wa mbali kama wa gome lililoungua. Ya tatu ilikuwa ya nyuki wadogo wasiouma, yenye majimaji na uchachu uliotufumba jicho moja. Maisha yetu yote, mtu akituuliza asali ina ladha gani, tungalijibu kwamba ni tamu, na tungalidhani tumejibu. Tulipomweleza yule mzee tofauti tulizozipata, alitikisa kichwa kama mwalimu aliyesahihisha daftari. "Sasa umeonja," alisema. "Watu wa mjini huimeza tu."

Turudipo mjini tulifungua daftari letu la mashairi. Tuna deni hapo, sisi na wenzetu wengi tutungao. Katika beti zetu za ujana hakuna mpenzi ambaye si sukari, na asiye sukari ni asali, na asiye asali ni halua. Vina vilikuwa sawa na mizani ilikuwa sawa, lakini tulipozisoma zilitukaba kama ile soda. Tulitaka kumsifu mtu, tukamtia vijiko vitatu. Shairi moja tu lilitupendeza bado, nalo tuliliandika juu ya marehemu bibi yetu na ukwaju wake. Hatukuwa na neno la sukari mle kwa kuwa bibi hakuwa mtu wa kusifiwa kwa sukari.

Haya yote yalitutia kiburi, na ni wajibu wetu kukiri. Saa nne ofisini tuliwatazama wenzetu wakikoroga, tukawahubiria habari za Mgunda Mkali na chumvi ya Uvinza hata wengine wakaanza kunywa chai yao mlangoni. Tulijiona tumerudi katika ulimi wa mababu. Aliyetuvunja kiburi hicho ni mama yetu.

Mama yetu ana zaidi ya miaka 80, naye anakaa upande wa Kwihara, si mbali na tembe ambalo Stanley alimwacha Livingstone mwezi wa Machi 1872. Tulifika asubuhi ya Jumamosi, tukamwamkia, "Wangaluka, mayu," akaitikia, akatuuliza habari za nyumba na za watoto kila mmoja kwa jina lake. Kisha akaleta chupa ya chai ya maziwa ambayo, kwa desturi yake, sukari ilikuwa imekwisha kutiwa ndani ya sufuria. Akatumiminia. Tukamwambia, kwa maneno tuliyoyapanga njiani, kwamba sukari tumeiacha. Akaweka kikombe chini. Mama yetu hutuita baba, kwa kuwa tuna jina la babu yetu.

"Kwani baba," alisema, "mimi nimekukosea nini?"

Tukamsimulia habari za damu na za muuguzi. Alisikiliza hadi mwisho pasipo kutukatiza, akaichukua ile chai akaimwagia shina la mpapai, polepole, kama mtu amwagaye kitu cha thamani. Hatukuwahi kumwona akimwaga sukari.

Vijana wasomao haya hawana budi kuelezwa. Baada ya Vita vya Kagera, vya mwaka 1978 na 1979, ambavyo viliharibu hata kiwanda cha sukari cha Kagera, nchi yetu iliishiwa fedha za kigeni, mafuta yalikuwa ghali, na bidhaa ziliadimika madukani: sukari, sabuni, mafuta ya kupikia, nguo. Mwaka 1983 serikali, ikiongozwa katika jambo hilo na Waziri Mkuu Edward Sokoine, ilianza msako wa wahujumu uchumi, na mifuko iliyofichwa ikafichuliwa. Lakini sukari haikutosha vivyo hivyo. Sisi tulikuwa katika shule ya msingi. Mama aliondoka nyumbani kabla ya jogoo la pili, akatembea hadi mjini, akajipanga kwenye foleni ya duka, na pale alipolazimika kuondoka kidogo aliacha jiwe mahali pake kama walivyofanya wenzake, na mawe yale yaliheshimiwa kama watu. Siku nyingine alirudi na nusu kilo. Siku nyingine alirudi na jiwe tu, kwa maneno yake mwenyewe.

Sukari hiyo haikuwa yetu. Ilikuwa ya wageni. Aliitia katika kopo la maziwa ya unga, akaisawazisha kwa mgongo wa kijiko, kisha akachora juu yake alama kwa ncha ya kidole, alama ambayo aliijua yeye, ili mkono wa mtu ukipita ujulikane. Kopo lilikaa ndani ya sanduku chini ya kitanda. Watoto tulikunywa chai kavu kwa matobolwa. Ndugu zetu walivumilia. Mwizi alikuwa mmoja, naye ndiye aandikaye: tulilowesha kidole, tukakichovya kandokando ya alama, na tulipoigusa alama tuliichora upya, tukajiona mafundi. Tulifanya hivyo siku nyingi. Mwezi mmoja akaja baba mkubwa kutoka Urambo, aliyetembea na baiskeli mbovu tangu alfajiri, na mama akafungua sanduku mbele yake. Ilibaki iliyoganda chini ya kopo. Aliikwangua kwa kijiko, tukaisikia sauti ya kijiko juu ya bati, akaitia yote katika kikombe cha mgeni, na yeye akanywa kavu akisema ameizoea. Hakutupiga. Alitutazama mara moja, nasi tukatazama miguu yetu.

Basi kijiko kile cha chai, ambacho muuguzi na sisi tulikihesabu kuwa gramu 4, kwa mama yetu kina uzito mwingine. Wako wasemao kwa wepesi kwamba sukari si utamaduni wetu, na sisi tulikuwa tumeanza kuwa miongoni mwao. Lakini kwa kizazi cha mama, kuweza kumtilia mgeni sukari bila kuhesabu ni ushindi uliotafutwa kwa miguu, gizani, kwa miaka. Mwanzoni mwa mwaka 2024, mvua kubwa zilipokwamisha uvunaji wa miwa na bei ikaruka hadi watu wakalalamika nchi nzima, alitupigia simu kutuuliza jambo moja tu: kama tunayo ya wageni.

Hatukujua la kumwambia siku ile ya mpapai, tukaondoka mapema kuliko tulivyokusudia. Tulipokwenda tena, baada ya mwezi mmoja, tulikuta juu ya meza chupa mbili za chai, na katikati yake sahani ya matobolwa aliyoyaomba kwa jirani, kwa maana yeye meno hayamruhusu tena. Alitumiminia kutoka chupa ya kushoto. Kabla hatujanywa alikichukua kikombe chetu, akaonja kidogo, akakunja uso, akasema kwamba hayo ni maji ya kuoshea vikombe, kisha akaturudishia. Tukanywa. Tukamwambia kwamba ni tamu, nasi tulisema kweli, na akatutazama kwa huruma ambayo mtu huwa nayo kwa mgonjwa.

Tulitaka kumweleza habari za maziwa, na za ladha ipandayo polepole katika kiazi, na zile asali tatu za Sikonge. Alikuwa amekwisha kuvuta kopo karibu naye. Akatia vijiko vitatu katika kikombe chake, akakoroga, akaonja. Kisha akaongeza vingine vitatu.

"Hivi ni vyako, baba," alisema. "Visipotee."